Koti la Bwana Chemsha

Kuna watu haya iliwaishia kazini, na huyu ni mmoja wao. Jina lake la kwenye cheti hakuna anayelikumbuka. Bonde zima linamwita Bwana Chemsha, na yeye hulipokea jina hilo kwa kutunisha kifua, kana kwamba ni cheo alichopewa na serikali. Alikuwa bwana afya. Enzi zake, akiingia uchochoroni na koti lake la turubai, buti za mpira na kopo la chokaa, akina mama walikuwa wakifunika ndoo na kufagia kilichokwisha kufagiwa. Swali lake lilikuwa moja tu kutwa nzima, nyumba baada ya nyumba: maji mmechemsha? Ukisema ndiyo, anakuambia muongo. Ukisema hapana, siku hiyo unalo.

Aliwadharau watu wa bondeni kwa moyo wake wote, na hakuficha. Akiongea nao alikuwa akitazama juu ya vichwa vyao, kama mtu anayetafuta mwenye akili aliye nyuma yao. Choo alichokipiga msalaba wa chokaa mlangoni kilikuwa hakina maisha tena, maana siku ya pili mgambo walifika na nyundo. Na kosa lililomtia wazimu kuliko yote lilikuwa kutapisha.

Bondeni kila mtu anajua kutapisha ni nini, ila aliyekulia ghorofani huenda hajui. Shimo la choo likijaa, gari la kunyonya haliwezi kupita kwenye vichochoro vile. Wapo wanaopakua kwa ndoo, lakini hao wananuka na kila mtu anawaona wakitoka kwako. Basi watu huacha bomba ubavuni mwa shimo, wakaliziba kwa matambara, wakasubiri msimu wa mvua. Bonde likigeuka mto unachomoa matambara, choo kinatapika, mafuriko yanabeba. Shimo lako linabaki tupu na mzigo wako uko kwa jirani wa chini. Jirani wa chini naye ana bomba lake. Ndivyo wanavyoishi, kila mmoja akimlaani aliye juu yake huku akimtapikia aliye chini yake, halafu wote kwa pamoja wanashangaa kipindupindu kinatoka wapi.

Bwana Chemsha hakushangaa. Alikuwa amesoma. Na aliyemsomesha, tuseme ukweli, ni dada yake mkubwa, aliyefua nguo za watu mpaka vidole vikawa havinyooki. Siku mdogo wake alipopewa koti la kazi lilikuwa limepungua kifungo kimoja. Dada akang'oa kifungo chekundu kwenye gauni lake la kutokea, akakishona pale kifuani ili kijana asiende kazini koti likiwa wazi. Kifungo chekundu kwenye koti la kijani. Wenzake kazini walimcheka, naye akawaambia ni mtindo.

Miaka ikapita, kijana akawa mzee wa kutisha. Mvua moja ikampeleka uani kwa dada yule yule, akakuta bomba limechomolewa na matambara yananing'inia. Mwingine angefumba jicho moja. Yeye aliita watu. Alisimama juu ya tofali akiwa ndani ya koti lile lile, akahutubia kuhusu wavivu wachafu wanaoua wenzao kwa sababu ya uzembe, akapiga chokaa, na kesho yake choo cha dada yake kikavunjwa mchana kweupe. Dada alisimama mikono kiunoni mpaka tofali la mwisho likaanguka. Hakulia. Alisema tu, kwa sauti ya kusikika mpaka njia kuu, kwamba tangu leo hachemshi maji kwa amri ya mtu huyu, na siku watakayosikia amechemsha wajue akili imemruka. Watu wakacheka. Tangu hapo ndugu hao wawili wakawa wanasalimiana misibani tu.

Alipostaafu akajenga. Na kati ya viwanja vyote alivyoweza kununua, alinunua mteremkoni, juu kidogo ya dada yake, ili kila asubuhi atoke barazani awatazame wa chini wanavyochota maji kwenye kisima kifupi kilicho nyuma ya nyumba ya dada. Nyumba ya vyumba vya kupangisha, bati jekundu, na choo alichokichora mwenyewe kwa rula. Choo hicho ndicho kilichokuwa mtoto wake wa pekee. Wageni walionyeshwa choo kabla ya kupewa kiti. Aliapa mbele ya wapangaji kwamba shimo la kitaalamu kama lile litajaa wajukuu wao wakiwa vikongwe. Fundi alipouliza kuhusu bomba la ubavuni, mzee aliangalia huku na huku, akamwambia aliache, kwa ajili ya ukaguzi. Fundi alimtazama, akaliacha. Bomba la ukaguzi, ati. Ulimi hauna mfupa wala aibu.

Kama hiyo haitoshi, mtaa ukamfanya mwenyekiti wa kamati ya maafa. Akaenda semina, akarudi na kizibao cha kung'aa, kipaza sauti cha mkononi na namna mpya ya kusema "jamii". Akapewa pia huduma ya kutumiwa ujumbe wa tahadhari kwenye simu: watu wa hali ya hewa wakiona mvua kubwa inakuja, wenyeviti wanajulishwa mapema wawahamishe watu wa chini, wafunike visima na kuhakikisha vyoo vimezibwa. Jambo zuri kabisa. Tatizo ni mikono liliyoangukia.

Kwa sababu shimo la kitaalamu lilijaa. Halikungoja wajukuu wa mtu. Mteremko ule una maji chini, na mtu yeyote aliyewahi kuchimba pale angemwambia, lakini angemwambiaje mtu anayetazama juu ya kichwa chake? Mpangaji mmoja, mwalimu wa chekechea, mwanamke mpole anayeomba radhi hata akikanyagwa yeye, alikuja kusema kwamba chooni hali si nzuri. Mzee alimjibu kwamba tatizo ni wapangaji wanakula kupita kiasi. Mwalimu aliomba radhi akaondoka.

Angeita wapakuaji. Hela hakukosa, tusimsingizie. Alichokosa ni moyo wa kuona ndoo zikitoka getini kwa mtaalamu, zikipita uchochoroni, na bonde zima likiziba pua na kucheka. Wazo hilo lilimkata usingizi kuliko kipindupindu chenyewe. Wakati huo matambara aliyozibia bomba lake la ukaguzi yalikuwa yameoza na pembeni kunavuja. Akatafuta kitu kinene cha kuzibia, kitu ambacho hakitahitaji kumtuma mtu dukani na kuulizwa cha nini, akakumbuka koti lake la kazi. Lilikuwa limembana siku nyingi. Akalikunja, akalisokomeza bombani kwa mpini wa jembe, kifungo chekundu kikiwa ndani, akajipangusa mikono. Akawa anasubiri mvua kama wachafu wengine wote.

Ujumbe wa tahadhari ulipoingia, aliusoma akiwa kitandani. Mvua kubwa kesho kuanzia asubuhi, wakazi wa mabondeni wachukue hatua. Mtu mzima huyo akachukua hatua: alitafuta nondo yenye ndoano, akaiegemeza nyuma ya nyumba, tayari. Kisha akavaa kizibao, akashuka bondeni na kipaza sauti, akatangaza mpaka sauti ikakauka. Zibeni vyoo vyenu. Funikeni visima. Atakayetapisha safari hii nitamshughulikia mimi mwenyewe. Muuza mkaa, jirani wa dada yake, aliacha kupanga magunia yake akamsikiliza kwa heshima, akasema mzee huyu kweli anatujali. Ndivyo alivyosema, maskini.

Asubuhi mvua ikashuka kama ilivyoahidiwa. Maji yalipoanza kupita kwa nguvu nyuma ya nyumba, Bwana Chemsha akatoka na nondo, akanasa koti, akavuta. Halikutoka. Akavuta tena kwa hasira zote alizokuwa nazo kwa watu wachafu, na mara likachomoka na kila kilichokuwa nyuma yake. Uchafu ukamrukia mpaka magotini. Ndoano ikateleza, koti likafunguka juu ya maji, mikono miwili imetandazwa, likateremka mbio kuelekea chini. Alilitazama mpaka likapinda kona ya ukuta. Akajiambia mto utalichukua. Aliziba bomba kwa mfuko wa plastiki na jiwe, akaoga, akanywa chai iliyochemshwa vizuri.

Maji yakapungua, na kama kawaida ugonjwa ukafika. Mahema meupe yakasimama kwenye uwanja wa shule. Wa kwanza kubebwa alikuwa muuza mkaa, amelazwa juu ya mlango uliong'olewa, macho yameingia ndani na ngozi ya mikono imekunjamana. Watu walimfuata mwenyekiti wao kumuuliza, naye akasema, kwa uso mkavu, kwamba jamii ya pale haina nidhamu.

Lakini ndani alikuwa hana amani, na sababu ilikuwa moja. Yeye ndiye aliyekuwa akifundisha maji machafu yanapita wapi. Alijua yalipotoka bombani mwake yamepita wapi: kona ya ukuta, mfereji, ua wa dada, mdomo wa kisima cha dada. Na katika bonde zima mtu mmoja tu alijulikana kwa kuapa kutochemsha maji. Kila akifumba macho alimwona dada amelazwa juu ya mlango. Muuza mkaa hakumwona, tusidanganyane. Alimwona dada.

Akashuka na kipaza sauti mpaka karibu na nyumba yake, akatangaza kwamba kila mtu achemshe. Dada akamjibu kutoka dirishani, bila kutoa kichwa, kwamba akili yake bado ipo. Watu waliokuwa wanaanika vitu juani wakacheka. Mzee akarudi juu. Ile sentensi nyingine, ile ya kweli, alirudi nayo.

Siku iliyofuata akapiga moyo konde, akaacha kipaza sauti na kizibao nyumbani, akashuka kwa miguu. Alipita upande wa mbele ili asikione kisima. Alimkuta dada kwenye kigoda mlangoni, godoro limeegemezwa ukutani linakauka, alama ya maji ukutani ikiwa usawa wa kiuno.

"Karibu, bwana mkubwa," dada akasema. "Leo umekuja na sauti yako mwenyewe."

Akaketi. Waliongea kuhusu godoro, kuhusu bati lililong'oka, kuhusu muuza mkaa. Dada alisema jana alikuwa hawezi hata kuinua kichwa. Mzee akasema watu wale ni wazembe. Dada akaguna tu. Kisha akainuka, akachota maji kwenye ndoo iliyokuwa kona, akayaleta kwenye kikombe juu ya kisahani, kwa heshima zote za mgeni, akampokeza.

Maji yalikuwa meupe, safi kabisa kwa macho. Maisha yake yote alikuwa akiwapigia watu kelele kwamba macho hayaoni kitu kwenye maji. Akakishika kikombe, akakirudisha kwenye kisahani. Akasema amekunywa nyumbani. Akasema tumbo halijatulia. Sababu mbili kwa pigo moja, kama mwanafunzi aliyechelewa.

"Umechemsha?" akauliza.

"Wewe si unajua nilichoapa?" Dada akakaa. "Mafuriko yanakuja kila mwaka na maji ya kisima changu tunakunywa. Haya ya safari hii yana nini?"

"Hayana kitu. Kuchemsha ni vizuri tu, dada. Unanijua mimi."

"Nakujua. Ndiyo maana nakuuliza. Kuna kitu unakijua kuhusu maji haya?"

Haya, sasa. Ilitakiwa sentensi moja, hata nusu. Hata kumpokonya kikombe na kukimwaga chini kungetosha. Wala hakukuwa na mtu mwingine pale wa kusikia. Lakini Bwana Chemsha aliona msalaba wa chokaa mlangoni mwa choo chake. Aliona wapangaji wakichungulia, mwalimu wa chekechea akimhurumia, mgambo na nyundo, na wale waliokuwa wakifunika ndoo zamani wakishika mbavu. Aliyaona hayo yote vizuri sana.

"Hapana," akasema. "Nimeuliza tu."

Dada akachukua kikombe. Akanywa polepole, bila kuondoa macho yake kwa mdogo wake. Koo lake lilipanda na kushuka, koo la mwanamke aliyefua nguo za watu ili huyu akasome habari za vijidudu, na huyu alikaa akatazama, mkono wake umetulia gotini. Hakunyanyua hata kidole. Dada akamaliza, akageuza kikombe kuonyesha hakuna kilichobaki, akakiweka chini.

Halafu akaingia ndani, akatoka na koti.

Lilikuwa limefuliwa, limepigwa pasi, limekunjwa mraba, kifungo chekundu juu. Akaliweka kwenye mapaja ya mdogo wake. Lilinuka dawa ya kufulia.

"Lilinasa kwenye ua wangu, nikaliona kesho yake maji yalipopungua," akasema. "Lilikuwa limejaa mavi mpaka mifukoni. Nikajiuliza la nani, nikaona mshono wangu."

Mzee akakigeuza kifungo chini, kisionekane.

Dada akaendelea bila kupandisha sauti. Maji aliyokunywa yalikuwa yamechemshwa. Alianza kuchemsha siku ile ile, na kisima alikifunika kwa bati akawakataza watu wote wa upande ule wasichote, ila muuza mkaa alikuwa ameshachota asubuhi kabla koti halijaonekana. Watu hakuwaambia sababu. Alikuwa amemwachia mwenyewe aseme.

"Mimi kuchemsha nimechemsha," akasema. "Nilitaka tu kuona kama utaniacha ninywe."

Hakulia na hakutukana. Angetukana ingekuwa nafuu, maana mzee alikuwa na majibu ya matusi. Alimwambia tu apite kambini akamwambie daktari, anayehangaika kuulizauliza uchafu umetoka wapi, ni choo gani, ili kikazibwe na kutiwa dawa kabla ya mvua nyingine. Akamwonyesha wingu lililokuwa limekaa juu ya mteremko. Kisha akachukua kikombe akaenda kukisuuza, akampa mgongo kama mtu aliyemaliza mazungumzo.

Bwana Chemsha akapanda na koti mkononi. Njia ya kwake inapita mbele ya uwanja wa shule. Mlinzi wa kambi alimtambua, akasogeza kamba haraka, akamwambia karibu mwenyekiti, daktari yupo na hana mgonjwa mpya. Akaongeza kwamba muuza mkaa amefumbua macho na anauliza kama majirani wamezingatia tangazo la mwenyekiti. Mzee aliangalia hema. Aliangalia wingu. Akamwambia mlinzi kwamba ana shughuli ya kamati, atapita baadaye.

Alipofika nyumbani matone yalikuwa yameanza kugonga bati. Mwalimu wa chekechea alimsalimia barazani, naye akapita bila kuitika. Akazunguka nyuma, akaondoa jiwe, akatupa ule mfuko wa plastiki uliokuwa umeshapasuka na unavuja. Akatazama huku na huku. Kisha akachukua mpini wa jembe, akalisokomeza koti bombani mpaka kifungo chekundu kikapotea. Liliingia vizuri kuliko mara ya kwanza, maana dada yake alikuwa amelipiga pasi.